Land Rover ya Zamani Dodoma: Spea za Asili au Gari la Kutembelea?

Nina Land Rover 109 ya miaka ya 1960. Injini ya petroli imechoka. Niifufue hiyo hiyo, au nifunge ya Nissan nitembee kwa amani?

Kabla ya injini, ingia uvunguni uitazame chasi. Tangu Land Rover ya kwanza ioneshwe Amsterdam mwaka 1948, gari hili limekuwa na bodi ya aloi ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu, juu ya chasi ya chuma, ambayo kutu huitafuna kutoka ndani. Uingereza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi imezimaliza chasi nyingi kiasi kwamba anayefufua gari hili kule mara nyingi huanza kwa kununua chasi mpya. Tanga na Dar es Salaam, upepo wa bahari nao haujambo kwa kazi hiyo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Kwa hiyo kitu adimu ulicho nacho si ile injini, ni chuma kilichoko chini yake, na hapo ndipo msimamo wangu ulipo: chochote kinachofungwa na kufunguliwa kwa bolti, badilisha ukiona inafaa, chochote kinachodai grenda au moto wa gesi kwenye chasi nzima, kataa.

Ukilipima suala la injini kwa kipimo hicho, jibu linakuja lenyewe. Nissan TD27 ni dizeli nzuri, na spea zake unazipata bila kuhangaika. Tatizo si Nissan, ni namna inavyofungwa. Fundi akikereza sahani ya kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover, na vishikio vya injini vikaingia kwenye matundu yaliyopo, sina ugomvi naye. Akikata chuma kinachokingama katikati ya chasi ili sampu ipate nafasi, ameondoa kitu cha asili ambacho hakuna duka litakalokirudisha. Kabla ya kufika huko, kumbuka kwamba kiwanda chenyewe kilitengeneza dizeli ya ukubwa ule ule wa cc 2,286, ya ukoo mmoja na petroli yako, na inakaa palepale. Ni nzito kuvuta, nakiri, na kwa mwinuko wetu hewa nyepesi huinyang'anya injini isiyo na tabo karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Anayetaka nguvu zaidi aiangalie dizeli ya Land Rover iitwayo 200Tdi, yenye tabo, ambayo bloki yake imetokana na ukoo huo huo, hivyo inakubali giaboksi ya zamani kwa kubadilisha vipande vichache.

Lakini ukishatoa injini iliyokuja na gari, uasili umebaki wapi?

Hoja hii ina uzito, na Marekani imejengewa biashara nzima. Wenye magari ya nguvu ya miaka ya 1960, kama Pontiac GTO, hulipa fedha nyingi zaidi kwa gari ambalo injini yake ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, nalo linataka gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi kihistoria, na lisiwe usafiri wa kila siku. Sharti hili la mwisho ndilo linalotutenganisha. Land Rover ya Kondoa au Mpwapwa haikuwahi kuwa gari la Jumapili, na kuilaza gerejini ili ibaki safi ni kuinyima kazi iliyoundwa kuifanya. Wapo watakaosema basi tukate tutakavyo, kwa kuwa uwanda huu umezoea kugeuza mitambo: Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Ni kweli, na mabadiliko ya zamani yaliyokutwa kwenye gari lako yaache, maana nayo ni historia. Ila aliyekata chasi mwaka 1975 alikuwa na nyingine nyingi za kuchagua. Wewe huna.

Vumbi je? Chujio la kisasa la karatasi si bora kuliko lile la oili?

Hapa kitu cha asili kinashinda hata kwa anayejali safari tu. Fungua lile kopo la kiwandani: hewa inashuka, inapiga uso wa oili, vumbi linanasa chini kama tope, kisha hewa inapita kwenye nyavu za chuma zilizolowa. Tope likijaa unalimwaga, unaosha kwa dizeli, unajaza oili mpya. Chujio la karatasi kwenye njia za vumbi za Agosti huziba, na lisipopatikana jingine, watu huliondoa wakaendesha bila kitu. Pete za pistoni ndizo zinazolipa gharama.

Na breki?

Kwenye breki sibishani na mtu. Masta silinda ya zamani ina njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeleta mabasi na malori ya mwendo ambao gari hili halikuundiwa, na miteremko ya Bereku haimsubiri anayepampu pedali. Funga masta silinda ya njia mbili yenye sevo kutoka Land Rover za Series III za mwisho, pamoja na kisanduku chake cha pedali. Inaingia kwa bolti.

Injini ya zamani usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jaza oili kwenye silinda, ziba matundu, iweke juu ya mbao pakavu. Na kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, peleka taarifa ya mabadiliko TRA kabla hujaanza kutembea, ukiwa na risiti ya injini mpya mkononi.