Darasa ya Taarikh: Msikiti wa Miti na Chungu cha Uwele

Darasa yetu ya leo ina sababu.

Tulipokwisha kusoma khabari za Kilwa hapa Kisii, kijana mmoja Mgusii aliyesilimu aliniuliza: "Maalim, katika khabari zote hizi za masultani na majahazi ya Shirazi, watu mfano wetu walikuwa wapi? Au sisi ni wageni tu katika dini hii?" Nilinyamaza kitambo. Nilikuwa nikisomesha kama nilivyosomeshwa: mfalme fulani alikuja, mfalme fulani akatawala. Mkulima hatajwi, wala mchota maji. Basi haya ndiyo majawabu yangu kwake.

Kwanza, tutazame msikiti. Shanga ni mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Katika miaka ya 1980 wataalamu walioongozwa na Mark Horton waliufukua msikiti wake wa Ijumaa. Chini ya ule wa mawe walikuta mwingine, na chini ya huo mwingine, hata wakafikia mashimo ya nguzo za msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8 ya Miladi, yaani karne ya 2 ya Hijra. Nyumba za mji wakati huo zilikuwa za miti na udongo, na wenyewe walikuwa wavuvi, wakulima na wahunzi. Kibla cha msikiti wa mwanzo hakikuelekea sawasawa. Waliojenga baadaye wakakisahihisha. Msikiti wa mawe haukuja ila katika karne ya 10. Basi jua ya kwamba pale Shanga Uislamu ulitangulia majumba ya mawe, na ulishikwa na watu waliokuwa wangali wakijifunza.

Pili, tutazame chungu. Kisiwani Pemba, Sarah Walshaw alizichunguza punje zilizoungua katika majiko ya kale. Huko Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kubwa ya watu ilikuwa uwele. Huko Chwaka, baina ya karne ya 11 na ya 15, ilikuwa mchele. Usilidharau jambo hili. Mpunga wataka bonde lenye maji, palizi, na mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri. Badiliko hilo lilibebwa na migongo ya wake kwa waume, nasi twalijua kwa makombo yao. Mtu wa Gusii hana haja ya kuelezwa sana, kwani katika karne ya 20 mahindi yaliliondoa wimbi katika mahala pake, na kazi ya shamba na ya jikoni ikageuka.

Tatu, tutazame kisima. Ibn Battuta alilala Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa uimara. Kwamba mlangoni palikuwa na kisima, na mwenye kuingia huteka maji kwa chombo cha mti na kuosha miguu, kwani watu walikwenda pekupeku. Akasema chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nchi ya Sawahil. Basi aliyeilima nafaka ile ni nani, na aliyeipakia chomboni ni nani? Majina yao hayakuandikwa, lakini mji ulikula kwa jasho lao.

Ama khabari ya Shirazi, si uwongo mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, juu ya mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa pwani, wakiwamo wa Manda, Mtwapa na Kilwa, umeonyesha kwamba tangu kama mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Kiajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika, na kwamba wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa mama. Taarikh tuliyosoma iliwataja akina baba waliokuja kwa majahazi, ikawasahau akina mama waliokuwapo. Na msikiti wa miti wa Shanga uliutangulia mchanganyiko huo kwa karne mbili.

Kwa hiyo, mwanangu, hukuingia katika nyumba ya watu. Waliosimama safu za mwanzo Shanga walikuwa na udongo miguuni kama wewe. Nami nakiri kwamba kosa lilikuwa katika usomeshaji wangu.

Kazi ya wanafunzi wa Kisii na Nyamira kwa darasa ijayo: kila mmoja amwendee bibi au babu yake, amwulize kwao wimbi liliachwa lini, kwa nini, na nani aliyelazimika kufanya kazi zaidi. Ayaandike majibu pamoja na jina la aliyeyasema. Wallahu aalam.