Kabla ya Kukaba, Mtoto Ajue Kuachia

Kijana wa Kiswahili anayejua mieleka hapa Texas hakai muda mrefu bila kuombwa. Atafuatwa na mchungaji wa Fort Worth, au imamu wa Houston, au akina mama wa mtaa wa Vickery Meadow kule Dallas: "Mwalimu, hebu tufundishie hawa watoto." Mwenyewe huwa alicheza judo Bukavu au Bujumbura, au amefika huku akajiunga na jiu-jitsu hadi akafunga mkanda wa bluu. Ukumbi unapatikana, mikeka inanunuliwa, Jumamosi ya kwanza watoto wanajaa tele. Baada ya mwezi wamebaki wachache, na mmoja wao ana plasta ya hospitali mkononi.

Mara nyingi mwalimu huyo amewafundisha watoto kama alivyofundishwa yeye akiwa mtu mzima: mbinu tatu, kisha "haya, pambaneni." Darasa la watoto linaanzia kwingine, kwenye kuachia.

Siku ya kwanza fundisha kugonga, yaani ishara ya kuomba kuachiwa, na usifundishe kitu kingine kigumu. Mtoto agonge mara mbili mwilini mwa mwenzake au, mikono ikiwa imebanwa, aseme "basi." Somo hili ni la anayeshika kuliko anayeshikwa. Wapange wawili wawili, mmoja amkumbatie mwenzake kwa nguvu kidogo, agongwe, aachie papo hapo, wabadilishane. Rudieni kila darasa kabla ya kupasha moto mwili, dakika mbili zinatosha. Anayechelewa kuachia akae nje raundi moja, bila kelele na bila mahubiri. Mtoto anayecheka huku akisema "basi" amesema basi. Wengi wanaumia hapo, kwa kuwa mwenzake alidhani ni mchezo. Na sheria ikufunge wewe pia. Unapomtumia mtoto kuonyesha mbinu naye akagonga, mwachie hata kama maelezo hayajaisha. Watoto wanakutazama wewe kuliko wanavyokusikiliza.

Swali linalofuata ni nini kiruhusiwe. Shirikisho la IBJJF, linalosimamia mashindano mengi makubwa ya jiu-jitsu, linawakataza watoto wa miaka 4 hadi 12 kukaba shingo kwa mkono kutoka mbele, kukunja kiganja, kufunga miguu, na kumwinua mwenzio ukambamiza chini. Lakini halikatazi kila kitu. Kunyoosha kiwiko, kwa mfano, bado kumo. Mimi ni mkali zaidi: aliye chini ya miaka 10 asikabe shingo wala asikunje kiungo chochote. Amwangushe mwenzake, ambane chini, atoke chini, apande juu. Kazi hiyo inamtosha miaka mitatu. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe hajui "kumaliza," mwambie amlete mtoto wa jirani anayejua kumaliza, kisha atazame nani anabaki juu.

Kabla ya kuangushana, wajue kuanguka. Mtoto akienda chini kinyumenyume hunyoosha mkono ajidakie, na hapo ndipo kiwiko au kifundo kinapovunjika. Waanze wakiwa wamekaa, kisha wachuchumae, kisha wasimame: kidevu kifuani, mgongo wa duara, viganja vipige mkeka pembeni. Mikeka ya judo ya sentimita 4 inafaa. Ile ya mafumbo ya kuunganisha inayouzwa kwa vyumba vya watoto huachana mtu akianguka, kidole cha mguu kikazama katikati. Na usiwape watoto wote mkeka kwa wakati mmoja wakiwa wamesimama. Jozi tatu zipambane, wengine wakae ukutani wakihesabu. Ajali nyingi nilizoziona zilitokana na jozi moja kuangukia jozi nyingine, wala si mbinu yoyote.

Kwa wa miaka 4 hadi 6, dakika 30 zinatosha na zote ziwe michezo. Kila mmoja achomeke kitambaa nyuma kiunoni, wanyang'anyane mikia. Hapo umefundisha kusogea miguu na kulinda mgongo bila kutaja neno hata moja la mbinu. Mpe mmoja mpira aukumbatie akiwa chini, mwingine aupokonye. Wavuke ukumbi wakitambaa kwa makalio, wakitambaa chali, wakibebana. Wa miaka 7 hadi 12 wanavumilia dakika 45: mbinu moja, mchezo unaoitumia mbinu hiyo, kisha mapambano mafupi ya nusu dakika yanayoanzia mahali maalumu. Anzisha mmoja akiwa juu, mwingine chini. Wa chini akitoka, ameshinda. Hivyo hata mnyonge anapata ushindi, na mnyonge asiyepata ushindi harudi Jumamosi ijayo. Ukishapita watoto kumi, tafuta msaidizi. Ukikosa, punguza watoto.

Katika kuwapanga, usiamini karatasi. Watoto wengi waliokuja kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na mwaka wenyewe wakati mwingine ulikisiwa na karani. Una "mtoto wa miaka 9" mwenye sauti ya kubaleghe. Nunua mizani ya bafuni, wapange kwa kilo na kwa kimo, na umuulize mama faraghani. Mashindanoni karatasi ndiyo inayotumika, kwa hiyo mweleze mzazi mapema kwamba mwanawe anaweza kukutana na mkubwa kuliko yeye. Na mtoto asinyimwe chakula wala maji ili apungue kilo. Hilo halina mjadala.

Usipuuze ngozi. Joto la Houston lina unyevu, la Dallas ni kavu kidogo, lakini ukumbi wenye watoto wanaotoka jasho ni shamba la choa katika miji yote miwili. Kagua kabla ya darasa: shingo, mikono, nyuma ya masikio, kucha. Kwenye mieleka ya shule za sekondari hapa Marekani, mwenye choa mwilini hukaa nje angalau saa 72 akipaka dawa, na mwenye mapunye kichwani hukaa siku 14 akimeza dawa. Tumia kipimo hichohicho. Jipu ni la daktari, maana linaweza kuwa na bakteria sugu wa MRSA. Mikeka ipigwe deki kwa dawa kila baada ya darasa, na mtu asikanyage choo kwa miguu mitupu kisha akarudi mkekani. Mwambie mzazi kwa sauti ya chini. Mama wa Kiswahili akiambiwa mbele za watu kwamba mwanawe ana choa, amesikia kwamba nyumba yake ni chafu, na hutamwona tena.

Sasa mambo ambayo wengi wetu hatukuyakuta nyumbani. Mchezo huu ni wa kugusana, kwa hiyo mwalimu asiwe kamwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Sheria ya usalama wa wanamichezo watoto ilitiwa saini mwaka 2018, na vyama vya judo na mieleka vya Marekani, ambayo ni michezo ya Olimpiki, vinawataka makocha wapate mafunzo ya SafeSport. Jiu-jitsu haimo katika Olimpiki, kwa hiyo unaweza kufungua ukumbi bila mtu kukuuliza. Jiulize mwenyewe, usome mafunzo hayo. Mlango uwe wazi, wazazi wawe na viti, watu wazima wawe wawili. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi la wazazi, usiende kwa mtoto.

Mtihani mgumu ni gari. Arlington haina mabasi ya kawaida ya mji, Fort Worth mabasi ni machache, na baba anafanya kazi zamu ya usiku ghalani. Utaombwa: "Mwalimu, nishushie huyu." Roho ya Kiswahili haikatai. Basi fanya hivi: pata ruhusa ya maandishi ya mzazi, beba watoto zaidi ya mmoja, na uwe na mtu mzima wa pili garini. Likikosekana moja kati ya hayo, subiri na mtoto mlangoni, penye taa, hadi mwenyewe aje. Ukipata sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa, hapo mkekani au kwao, sheria ya Texas inamtaka kila mtu aripoti mara moja. Simu ya jimbo ni 1-800-252-5400. Usilipeleke jambo hilo kwanza kwa wazee wa kanisa.

Kuhusu karatasi ile ambayo kila ukumbi unawasainisha wazazi, kwamba hawatashtaki mtoto akiumia: isainiwe, lakini usiilalie. Mwaka 1993 mahakama ya rufani ya Houston, katika kesi ya Munoz dhidi ya II Jaz, iliamua kwamba mzazi hawezi kusaini akaiondoa haki ya mtoto wake ya kudai fidia. Kinachokulinda ni bima. Njia nafuu kwa darasa dogo ni kujiunga na chama cha taifa cha judo au cha mieleka kama klabu, maana uanachama huja na bima yake.

Leseni nayo ina mtego. Texas haiidai leseni ya malezi ya watoto programu inayofundisha stadi moja tu, mradi isijitangaze kuwa kituo cha kulea watoto, iwaambie wazazi kwamba haina leseni ya jimbo na kwamba mchezo una hatari zake, na iwapekue walimu na wanaojitolea wote katika rekodi za Idara ya Usalama wa Umma. Mtego unakuja pale unaponunua basi dogo, ukaanza kuwachukua watoto shuleni saa tisa, ukawapa uji na kuwasimamia kazi za shule. Wazazi watakushukuru sana. Lakini stadi imekwisha kuwa zaidi ya moja, na msamaha haukuhusu tena.

Wazazi wenyewe ni darasa la pili. Usimfanye mtoto mkalimani wa habari zake: akiumia au akikosa adabu, mpigie mama mwenyewe kwa Kiswahili, maana mtoto atatafsiri anachopenda. Msichana wa Kiislamu avae hijabu ya kunyumbulika isiyo na pini, na mpange na wasichana wenzake bila kungoja aombe. Ijumaa jioni usiweke darasa, siku hiyo ni ya futiboli ya Kimarekani ya shule. Jumapili usiiguse, ibada za Wakongo hazina saa ya kumalizika.

Kisha kuna yule baba anayesema, "Mwalimu, mchape tu." Usimchape mtoto, na usimpe "pushapu" kama adhabu ya kushindwa. Mchezaji wa judo Popole Misenga alipoteza familia vitani mashariki mwa Kongo akiwa mdogo, akajifunza judo Kinshasa. Alieleza baadaye kwamba alipopoteza pambano makocha walimfungia ndani ya kizimba. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, yeye na mwenzake Yolande Mabika, wakabaki huko wakiomba hifadhi. Wakafundishwa upya na kocha Geraldo Bernardes, na mwaka 2016 wote wawili walikuwa katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Popole akashinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India. Mtoto anayeadhibiwa kwa kushindwa hatagonga. Ataacha mkono uvunjike kwanza.

Kama hujawahi kuona darasa la watoto likiendeshwa vizuri, usianze kwa kubahatisha. Mwalimu wa jiu-jitsu Carlos Machado alihamia Dallas mwaka 1995, na mwanafunzi wake Travis Lutter akafungua shule Fort Worth. Tangu hapo kumbi zimezaana, na Houston hazina idadi. Omba kukaa pembeni jioni moja. Usitazame mbinu, tazama mwalimu anafanya nini mtoto akilia, na inachukua muda gani watoto kunyamaza anapoinua mkono.

Mikanda ya watoto ya IBJJF ni ya kijivu, njano, chungwa na kijani, na inaishia miaka 15. Usiwauzie wazazi. Mtoto wako akiingia darasa la 9 mpeleke akacheze mieleka ya shule, ambayo UIL, chama cha mashindano ya shule za Texas, huiendesha kwa wavulana na wasichana, haina ada ya kila mwezi, na fainali zake za jimbo hufanyika Februari. Mwambie mzazi aulize fomu ya daktari shule inapofunguliwa Agosti. Kocha wa shule hamruhusu mtoto kukanyaga mkeka bila hiyo.