Mbuzi Mweupe Katika Kundi Jeusi

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ndani ya mwili wa binadamu, hata daktari mwenye macho makali huhitaji msaada.

Mwaka jana nilimsindikiza nyanya yangu Nairobi, safari ya kilomita 370 hivi kutoka hapa Garissa. Ini lilikuwa likimsumbua. Kwa kuwa hajui Kiswahili sana, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kabla ya kupigwa picha ya skani, muuguzi alisema atadungwa dawa ya rangi. Nyanya akaniuliza kwa Kisomali, "Wanataka kunipaka rangi tumboni?" Sikuwa na jibu. Akakataa katakata, tukarudi nyumbani bila picha.

Niliona haya, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyafahamu.

Skani ile hutumia miali ya eksirei. Mfupa huonekana mweupe kwa sababu huizuia miali. Ini na uvimbe ulio ndani yake huizuia karibu sawasawa, basi hufanana. Dawa ile huwa na iodini, ambayo huzuia miali zaidi. Husafiri na damu, na uvimbe ukajitenga na nyama nzima. Sio rangi ya kupaka; baadaye hutoka kwa mkojo.

Wanasayansi wakaenda mbele zaidi, wakatengeneza chembe za nano za oksaidi ya chuma. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita! Chembe hizi ni za mashine ya MRI, yenye sumaku kubwa. Seli za ulinzi zilizo kwenye ini huzimeza, na chuma hulifanya ini liwe jeusi pichani. Saratani kwa kawaida haina seli hizo za kutosha, kwa hivyo hubaki nyeupe, kama mbuzi mweupe katika kundi jeusi. Marekani iliidhinisha dawa ya aina hii mwaka 1996, ikaacha kutengenezwa 2008. Nyingine, ferumoxytol, iliidhinishwa 2009 kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Madaktari wengine huitumia kwa picha pia, lakini kwa uangalifu, maana inaweza kuleta mzio mkali.

Nilimweleza nyanya kwa mfano wa mbuzi. Akacheka, akasema, "Mbona hukuniambia hivyo kule?" Tulirudi Nairobi, akadungwa ile ya iodini, na daktari akapata picha aliyoitaka.

Wanachama wenzangu, tusiiache sayansi ikae kwa Kiingereza pekee. Mgonjwa hukubali kile anachokielewa.