Niliyojifunza Katika Zamu za Usiku

Wewe unayeanza uuguzi na kutaka kufika mbali, nakuandikia baada ya miaka 31 wodini, mingi nikiwa leba.

1. Hesabu maji yako pia

Usiku mmoja nilikuwa nikijaza kila saa chati ya maji ya mama mwenye kifafa cha mimba: yaliyoingia, mkojo uliotoka. Mimi sikuwa nimekunywa chochote tangu jioni, wala kwenda msalani. Alfajiri nilianguka, na mama wa kitanda cha pili ndiye aliyeita msaada.

Chuoni nilifaulu vizuri nadharia ya kujitunza ya Dorothea Orem, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka 1971. Mahitaji yake 8 nilikuwa nimeyahifadhi: hewa, maji, chakula, haja, uwiano wa kazi na mapumziko, uwiano wa kukaa peke yako na kukaa na watu, kujikinga na hatari, kuishi maisha ya kawaida. Kilichonishangaza ni kwamba miaka yote nilidhani yanamhusu mgonjwa tu. Nilipojipima, 5 yalinipungukia. Ndipo nikaanza kusema, bila aibu, “Sista, nishikie wodi dakika kumi.”

2. Linalotatulika, litatue

Ratiba ya usiku 9 mfululizo niliivumilia kwa miezi nikiita uvumilivu huo wito. Siku nilipompelekea mfawidhi ratiba nyingine niliyoipanga mwenyewe, tulimaliza kwa nusu saa.

3. La kulia, lilie

Hili lilinigharimu zaidi. Tulimpoteza mama kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Sikulia. Nilipanga dawa, nikakunja mashuka, nikajaza mafaili hadi kulipokucha. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba kuna kukabili tatizo lenyewe na kuna kukabili hisia zake. Njia ya kwanza husaidia zaidi pale jambo linapoweza kubadilishwa. Kifo hakikunjwi pamoja na mashuka.

Wiki tatu baadaye mwanafunzi wa mazoezi aliangusha trei. Nilimfokea mpaka akatetemeka. Kesho yake nilimwomba radhi, nikamsimulia usiku ule.

Akaniuliza, “Sista, huyo mama aliitwa nani?”

Nilimtajia jina, na hapo ndipo nilipolia.