Suruali ya Baba Imemrudia Mwana

Katika darasa letu la hapa Kipevu limezuka neno ambalo si dogo. Mzee mmoja alimrudisha mwanawe mlangoni kwa sababu ya suruali aliyoivaa, iliyobana mapajani na kupanuka miguuni. Alisema hilo ni vazi la kihuni na ni uzushi wa siku hizi. Kijana akenda zake, na hata leo hajarudi. Basi yatupasa tulitazame jambo hili kwa elimu, si kwa hasira.

Kwanza, uzushi wa siku hizi si kweli. Suruali hiyo asili yake ni vazi la mabaharia. Katika karne ya 19 ilivaliwa na wanamaji wa Marekani na Uingereza, nayo yasifiwa kwamba mguu wake mpana hukunjika upesi mtu aoshapo sitaha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani waliichukua, na katika miaka ya 1970 ikafika kwetu, ikaitwa bugaluu. Waliivaa kina nani? Ni hawa hawa walio wazee leo. Wako wenye picha za studio masandukuni ambazo hawapendi wajukuu wazione.

Wakubwa wa zama zile nao walikasirika. Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia Oktoba 1968 kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na utekelezaji ukaanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Idi Amin naye alikataza nguo fupi Uganda mwaka 1972. Tazama ajabu: kule kosa lilikuwa suruali kubana, na huku kijana wetu afukuzwa kwa kuwa yake ni pana!

Mtindo hufa, kisha hurudi, kwa sababu iliyo nyepesi. Vazi likiisha kuachwa na wote bei yake huanguka, na kijana asiyeliona ila katika picha hulidhani jipya. Tangu biashara ya mitumba ilipofunguliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota yashushwayo katika bandari yetu hufunguliwa sokoni Kongowea, na kabati la Ulaya la miaka thelathini nyuma humwagwa mbele ya mtoto mwenye shilingi chache. Bugaluu ilirudi miaka hiyo ya 1990, na katika miaka ya 2020 imerudi tena.

Ama hukumu, tusiifuate ada tukaiita dini. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal walimuuliza Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, juu ya kuvaa kofia za Kizungu. Alijibu kwamba haina ubaya ikiwa mvaaji hakukusudia kutoka katika dini. Kwa hiyo twauliza mambo matatu: je, lasitiri? Je, lina israfu? Je, lina kibri? Katika stara, suruali pana huenda ikaishinda ile ya kubana tuliyoizoea msikitini bila ya kunena neno. Lakini ikiburura chini ya vifundo, wanavyuoni wana maneno mazito, na tena huzoa uchafu wa njia ikaingia nao katika sala. Dawa yake ni fundi cherahani, naye hamalizi nusu saa.

Kijana naye asijione ameshinda. Anunuaye mtumba kwa uwezo wake hatuna la kumlaumu. Ila yuko amlazimishaye mamake kukopa ili anunuliwe dukani suruali mpya iliyosuguliwa na kupasuliwa makusudi ionekane kuukuu. Huyo atoa thamani ya unga wa mwezi kununua uchakavu ambao babake aliupata bure!

Tumemwomba mzee wetu amwendee mwanawe, na achukue ile picha yake ya zamani wakaitazame pamoja. Darasa ni baada ya Maghrib kama kawaida, na nafasi ya kijana mkekani haijakaliwa na mtu.