SOMO LA ROBO HII: CHECHE NA KUNI ZA VITA KUU

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kandokando ya Milima ya Upare, yakifuata reli iendayo Tanga. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliibomoa. Mpare wa wakati ule hakuwa na ugomvi na Mwingereza. Je, vita ilimfikiaje?

Wengi hujibu kuwa chanzo ni kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Jibu hilo halitoshi. Mauaji yale yalikuwa cheche tu. Kuni zilikwisha kukusanywa. Kuni hizo ni:

1. Hofu na silaha. Ujerumani iliongeza manowari, Uingereza nayo ikaongeza. Kila mmoja alisema anajilinda, mwenzake akaona anatishwa.

2. Mikataba ya kusaidiana. Urusi iliisaidia Serbia, Ujerumani ikaisaidia Austria-Hungaria, Ufaransa ikawa na Urusi. Mmoja alipoingia, aliwavuta wengine.

3. Haraka. Majeshi yalipangwa kumtangulia adui. Uingereza ilipendekeza mkutano wa usuluhishi, Ujerumani ikakataa. Siku 37 baada ya mauaji, tarehe 4 Agosti, Uingereza nayo ilikuwa vitani.

4. Makoloni. Gavana Schnee alitaka koloni hili lisiingie vitani, kama Mkataba wa Berlin wa 1885 ulivyotoa nafasi. Lakini tarehe 8 Agosti manowari za Uingereza ziliipiga Dar es Salaam, na mwezi huohuo Wajerumani wakaiteka Taveta, jirani zetu.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Tunajifunza nini? Anayetaka kuzuia vita asisubiri cheche. Apunguze kuni mapema, na msuluhishi anayesikilizwa na pande zote awepo kabla ya ugomvi.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

a) Kati ya kuni hizo nne, ipi ingekuwa rahisi kuondolewa mapema? Na nani?

b) Katika ugomvi wa maji ya ndiva au wa wakulima na wafugaji, cheche ni ipi na kuni ni zipi?