KUCHAGUA MATAIRI YA GARI KUUKUU

Wako watu wengi wa Thika na Ruiru wapatao riziki kwa gari dogo la mizigo lililokwisha kuzeeka, wakipeleka mananasi na mboga Nairobi kwa ile barabara kuu iliyomalizika mwaka 2012. Katika mwendo wa kasi, tairi likipasuka, mali huharibika na pengine watu hufa. Kwa hiyo yafaa mnunuzi asome tairi kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza, atazame tarakimu nne za mwisho katika mstari wa DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani.

Pili, atazame nguvu zake. Tairi la mizigo 195R15C lenye alama 106 huchukua kilo 950. La abiria 195/65R15 lenye alama 91 huchukua kilo 615 tu. Rimu zote ni za inchi 15, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Matairi manne ya abiria hayafiki kilo 2,500. Gari likishiba mzigo, yamezidiwa.

Tatu, tairi lililotumika lichunguzwe nje na ndani. Likiwa na uvimbe, nyufa, au kiraka ubavuni, alikatae hata likiwa na meno marefu.

Fedha zikipungua, afadhali kununua mawili mapya, yafungwe nyuma, kuliko manne yaliyochoka.